Nafuu ya Nani?

Mwezi uliopita mwenzangu wa Nairobi alinitumia mkataba wake kwa bahati mbaya. Alikusudia kunitumia sura ya nne ya kitabu cha hadithi za watoto tunachokihariri pamoja, akabonyeza faili la juu yake. Nikalifungua, na macho hayana pazia. Kitabu kimoja, mwajiri mmoja, Kiswahili kimoja. Mimi wa Moshi nikihariri kurasa 100, yeye akihariri 55, tumelipwa sawa. Na huyu ndiye anayenipigia simu usiku kuniuliza kama mtoto wa darasa la nne ataelewa neno "kipakatalishi".

Nikampigia mratibu wa mradi. Hakukana. "Dada yangu," akaniambia, kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi, "lazima tuangalie gharama za maisha. Huko kwenu maisha ni nafuu. Mkungu wa ndizi siku hizi mnauziana shilingi ngapi?"

Kuhusu ubora wa maisha wenyewe sina ugomvi na wenye mizani. Tangu 1990 Umoja wa Mataifa unapima maendeleo ya watu kwa umri wa kuishi, miaka ya shule na kipato. Kipimo hicho kiliasisiwa na Mahbub ul Haq akisaidiana na rafiki yake Amartya Sen, na humo Kenya inatutangulia. Haya. Najua pia kwamba mwaka 2014 wanatakwimu wa Kenya walibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zao, uchumi ukanenepa kwa asilimia 25 pasipo gunia moja la mahindi kuongezeka ghalani, na nchi ikaingia kipato cha kati. Sisi tulitangazwa Julai 2020. Tuendelee.

Kinachoninyima usingizi ni hilo neno nafuu. Mgonjwa hupata nafuu homa ikishuka. Sasa mimi ninayeambiwa maisha yangu ni nafuu, homa yangu imeshuka lini? Bei ya ndizi nilimtajia mratibu kwa ukweli, kwa kuwa sikulelewa kudanganya, na ni kweli ni ndogo. Lakini sili ndizi mwaka mzima. Hicho kipakatalishi tunachobishania jina lake nilikinunua kwa bei ya dunia. Betri yake ilipokufa sikuona fundi akinipunguzia kwa kuwa niko chini ya Kilimanjaro. Dizeli ya daladala inatoka ng'ambo. Dawa ya presha ya mama inatoka India. Nikitaka kompyuta mpya, lazima nihariri kurasa karibu mara mbili ya zile atakazohariri mwenzangu. Nafuu yangu inaanzia kwenye matembele na kuishia kwenye ndizi.

Na hata hapo sokoni, nafuu imetoka wapi? Béla Balassa na Paul Samuelson walilieleza hilo mwaka 1964, kila mmoja kwa njia yake: katika nchi maskini huduma huwa rahisi kwa sababu ujira uko chini. Kinyozi, fundi cherehani, mama ntilie. Sahani ya wali maharage ni rahisi kwa kuwa mama ntilie hajilipi zile saa alizochochea moto tangu saa kumi alfajiri. Basi tazama duara hili: nalipwa kidogo kwa sababu vitu ni rahisi, na vitu ni rahisi kwa sababu tunalipwa kidogo. Mratibu amesimama katikati ya duara, mkononi kashika mkungu wa ndizi, akiniambia hapa ndipo hesabu inapoanzia.

Tena, kama ujira ni wa kumtosheleza mtu, si wa kazi aliyoifanya, mbona mkataba wa mwenzangu haukuuliza anakaa Karen au Kibera? Kati ya mitaa hiyo miwili ya jiji moja kuna umbali mkubwa wa maisha kuliko ulioko kati yangu na yeye. Haukuuliza ana watoto wangapi. Ningekuwa mjane mwenye watoto watano wa kusomesha, na yeye kijana anayelala bure kwa mjomba wake, yeye ndiye angebaki na gharama za maisha na mimi na nafuu yangu. Kumbe hakuna aliyepima maisha ya yeyote kati yetu. Kilichotiwa bei ni mpaka. Na mpaka huo tunaujua: hadi 1966 tulitumia shilingi moja, kila nchi ikatoa yake zikiwa sawa kwa sawa, leo moja yao ni karibu 20 zetu. Enzi za Azimio la Arusha tuliwaita manyang'au, nao wakatujibu kwamba kwetu hakuna hata cha kung'ang'ania. Ugomvi ni wa zamani.

Wapo walionikumbusha kwamba mshahara wa Mkenya unakatwa asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya. Ni kweli. Mwingine akasema tukilipwa sawa, mwajiri ataona bora kazi yote ifanywe Nairobi. Huenda.

Hapa nichepuke kidogo, maana jambo hili hunichekesha. Mwaka 2019 ripoti ya furaha duniani ilituweka Watanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156, Kenya ikiwa juu yetu kwa mbali. Watu huulizwa wafikirie ngazi ya vipandio kumi, waseme wamesimama kipandio gani. Sasa mtu huyuhuyu ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu nzuri, halafu, mkiwa mmeshakaa, ndipo akwambie mtoto kalazwa. Lakini mgeni mwenye karatasi ni mwingine. Tangu lini mtu akatangaza yuko kileleni huku majirani wanasikiliza? Huenda ni wa kodi. Huenda mradi unakuja, na aliye kipandio cha nane haandikwi. Bibi yangu kule Rombo angesema cha tatu, kisha angemkaribisha mgeni mbege.

Ningeishia hapo na hasira yangu safi, kama si msichana anayenisaidia nyumbani. Mwaka jana aliomba niongeze mshahara. Nikamwambia, kwa upole, kwamba hapa anakula na kulala bure, na hela anayotuma kwao Singida inatosha, huko maisha ni nafuu. Maneno yalinitoka bila kuyatafuta. Nimejaribu kutafuta tofauti kati yangu na mratibu. Nina hoja mbili tatu, zote zinaanza na "lakini mimi".

Invoisi ya sura ya nne bado haijaenda. Juzi, akiwa anachambua mchicha, binti huyo aliniuliza simu ya kugusa kioo ni shilingi ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, akamalizia fungu lililokuwa mkononi, kisha akauliza kama na Singida zinauzwa bei hiyohiyo.