Simama Nje ya Mlango

Andiko: Kumbukumbu la Torati 24:10-13, Luka 14:28-30



Kadiri ploti zinavyoongezeka hapa Kariandusi na kule Gilgil, ndivyo waumini wanavyoniuliza: "Pasta, mpangaji wangu ni ndugu katika Kristo na hajalipa miezi miwili. Nimtoe ama nimwachilie?"

Ni rahisi kusema, "Mhurumie." Hebu tupige hesabu kwanza. Tuseme una vyumba kumi vya 3,500. Vikijaa vyote unapata 35,000 kwa mwezi. Ushuru wa mapato ya nyumba, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ni 2,625. Sacco inataka 30,000. Umebaki na 2,375 za maji, choo kikijaa, na bati likivuja. Sasa kibarua mmoja wa machimbo akose kazi. Unapokea 31,500, na ukitoa ushuru hata Sacco haitoshi.

Mwenye ploti huyu si mkatili. Aliiuza huruma yake siku aliposaini mkopo. Yesu alipotaja mjenzi anayekaa kwanza kuhesabu gharama ya mnara, alikuwa anafundisha gharama ya kumfuata. Lakini kumfuata kunafika mpaka kwa mpangaji. Kwa hiyo usihesabu saruji na mawe peke yake. Hesabu pia chumba kitupu, Januari ya karo, na mpangaji atakayeugua. Heri vyumba vitano vyenye nafasi ya kuhurumia kuliko kumi vya kukunyima usingizi. Weka akiba ya miezi miwili. Na diposti ya mpangaji usiile, si yako.

Mpangaji naye asikie. Warumi 13:8 inatukataza kukaa na deni. Ukihama usiku, pengine umekula dawa za mjane anayetegemea hicho chumba tu. Usimwambie "tunaomba Mungu" na huku umenunua simu mpya. Mwambie ukweli kabla ya tarehe, na ulipe hata nusu.

Na deni likibaki? Torati ilimruhusu mdai kuchukua rehani, lakini ilimkataza kuingia nyumbani kuifuata. Asimame nje, mdaiwa amletee. Na kama maskini ameweka nguo yake ya kulalia, irudishwe jua likitua. Deni ni la kweli, na heshima ya mtu nyumbani kwake pia ni ya kweli.

Basi kung'oa mlango au mabati ili watoto walale kwenye baridi hii yetu si kazi ya mtu aliyeokoka. Hata sheria ya Kenya inataka amri ya korti. Wewe simama nje. Ongeeni, andikeni mpango wa kulipa, wekeni tarehe. Ikishindikana, mpe notisi, aondoke mchana na vitu vyake. Kutoa notisi si dhambi. Kumvunjia mtu utu wake ndiyo dhambi.

Bwana atusaidie kujenga tukiwa na nafasi ya kuhurumia. Amina.