Rubani Aliyesema "Bado"

Wapendwa, masika yamefika pwani yetu. Kaskazi imeishiwa nguvu, kusi inajongea, na redioni tunasikia tena yale tunayoyasikia kila mwaka: vipindi vya mvua na ngurumo, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Tunasikiliza huku tunafunga viatu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka Aprili moja niliyokwama kiwanjani Kilindoni, Mafia.

Nilikuwa na ndoa ya kufungisha Dar es Salaam saa nane mchana. Safari yenyewe ni kama nusu saa tu kwa ndege ndogo ya injini moja. Pale tulipokuwa jua lilikuwa linawaka, lakini rubani, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, alisimama chini ya bawa akitazama upande wa delta ya Rufiji. Huko wingu lilikuwa limesimama kama ukuta, kitako chake cheusi tii. Mzee mmoja aliyekuwa anawahi mazishi akamwambia, "Mwanangu, mbona kweupe?" Akajibu kwa adabu, "Hapa ndiyo, babu. Njiani bado."

Nami nikaongeza langu. Nilimwambia kanisa limejaa, nikamtajia na bibi harusi. Natubu kwa hilo mbele yenu, maana nilimtwisha mzigo usio wake saa ambayo alihitaji akili iliyotulia.

Hakubishana nami. Aliunyooshea kidole ule mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti, unaoonyesha upepo. Ulikuwa ukipepea kivivu kuelekea kaskazini. Tukiwa tunautazama ukalegea, kisha ukajaa ghafla na kugeukia upande wa pili. Akanieleza kwamba hewa baridi huporomoka kutoka kwenye wingu la radi, ikifika chini husambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayotua hapo inaweza kuuacha upepo wa mbele na kuukuta wa nyuma ndani ya sekunde chache, ikapoteza nguvu ya kuelea ikiwa karibu kabisa na ardhi. Alikuwa anazungumza taratibu, kama mwalimu wa Jumapili.

Nilikaa kwenye benchi nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo, mfungwa, anawaonya wasiondoke Bandari Nzuri, kule Krete. Akida anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wanataka kuendelea. Kisha unavuma upepo wa kusi, mpole. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi na mstari huo nikaupita. Kumbe si dhoruba iliyowatoa bandarini; ni ule upepo mwanana, uliowafanya waamini kwamba wamepata walichokitaka. Dhoruba iitwayo Eurakilo ikawakuta baharini. Watu 276 walifika nchi kavu wakiwa hai, kwa rehema ya Mungu, baada ya siku 14 za kupeperushwa. Merikebu ilivunjika.

Tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia hiyo hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Kuna waliolalamika siku ile gatini, na nawaelewa. Lakini namshukuru Mungu kwa kila aliyelala bandarini akiwa na tiketi mkononi.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba jambo moja. Nahodha wa boti ya Nyamisati akisema leo hatuvuki, msimwite mwoga. Kijana wa bodaboda akisimama ukingoni mwa daraja lililofunikwa na maji, msimwongezee nauli ili apite. Mwombeeni, kaeni naye, mnunulieni chai. Yeye ndiye anayebeba uzito wa roho zenu, na kelele zetu zinamfikia.

Tuliruka saa kumi na nusu. Bawa lilikuwa bado linatiririka maji, na mzee wa mazishi alikuwa ameshika mkono wangu tangu tulipoacha ardhi. Kanisani nilimkuta bibi harusi kwenye benchi la nyuma, viatu amevivua, shela ameikunja mapajani. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Mmefika salama wote?"