Aliyekosea Kiingereza Amemkosea Nani?

Juzi nilikuwa kijiweni kwetu Majengo, pale tunapokaa jioni kungoja Kibo ifunue uso, na jamaa mmoja akawa anatusomea kwa sauti tangazo la kazi lililoandikwa kwa Kiingereza. Alipofika katikati akateleza. Neno lenyewe wala halikuwa kubwa. Watu wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Kachapia huyo!" Yule msomaji akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, hakumaliza. Kazi yenyewe ilikuwa ya nini sijui mpaka leo. Hakuna aliyejua, maana tulicheka kabla hatujafika kwenye kazi.

Usiku ule nilichukua daftari nikaandika maneno yote ninayoyakumbuka ambayo watu hutumia kuzungumzia kujifunza Kiingereza. Nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na mwandishi asipookota maneno ya mtaani kwake ataokota ya nani? Nilidhani nitapata orodha ya kuchekesha. Nikapata kitu kingine.

Majina yenyewe ya lugha hayana neno. Kimombo, ung'eng'e, yai. Mtu "anatema yai", basi, ni utani, tena ni utani wenye heshima kidogo ndani yake. Balaa linaanzia kwenye vitenzi. Asiyekijua vizuri tunasema "anakivunjavunja". Na vitu gani vingine huvunjwa? Sheria, ndoa, ahadi, nyumba za watu usiku. Anayejitahidi na maneno yake machache "anababaisha", na mbabaishaji mnamjua: ni yule anayekuuzia boksi la simu pale stendi, ukilifungua ndani ya basi unakuta kipande cha sabuni. Anayekijua tunasema "kimenyooka", na kunyooka ndiyo sifa tunayompa mtu mwaminifu. Kuchapia nimeshakutaja, kuna na maana nyingine hapo kijiweni ambayo mhariri hataipitisha. Neno la huruma nililolipata ni moja tu, pale mtu anaposema "Kiingereza hakinipandi." Hapo angalau mtenda ni Kiingereza. Chenyewe ndicho kimekataa kupanda, mtu kasimama tu anakingoja.

Yaliyobaki yote ni maneno ya kumhukumu mtu. Na lililo kubwa kuliko yote ni hili tunalolitumia bila hata kufikiri: amekosea.

Litazame vizuri hili neno, ndugu msomaji. Kuna kosa la sarufi na kuna kosa la jinai. Mtu hukosa basi, hukosa nauli, hukosa adabu, na Jumapili kanisani hujipiga kifua akikiri kuwa amekosa. Mwingereza ameyagawa: la hesabu lina jina lake, la mahakamani lina jina lake, la mbele ya Mungu lina lake. Sisi tumeyatia yote kapu moja. Sisemi kwamba Kiswahili ni maskini. Kina njia yake ya kuyatenganisha, ila ni nyembamba kama uzi. Amekosea. Amemkosea. Tofauti ni silabi moja, ile inayomwingiza mtu ndani ya kitenzi. Bila hiyo kuna sentensi iliyoharibika. Ukiitia hiyo, kuna mtu aliyeumizwa mahali.

Ndipo nikajiuliza: aliyekosea Kiingereza amemkosea nani?

Mwingereza? Sidhani. Simama pale mnara wa saa uone wageni wanaoshuka mlimani. Mmoja atakuambia "mimi nataka kitabu kubwa", na sisi tutampigia makofi: "Huyu anajitahidi!" Tuna neno zuri namna hiyo na tunalitunza kwa ajili ya wageni. Bibi yangu kule Kibosho alijifunzia Kiswahili ukubwani, sokoni na kanisani. Mpaka leo ngeli zake hugongana, lakini sijasikia mtu akisema bibi anakivunja Kiswahili. Tunacheka, naye anacheka, mbege inazunguka.

Basi labda amemkosea mwalimu wake, au taifa. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anasoma hivyo hadi anapomaliza msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa kwamba kuanzia leo biolojia, historia na jiografia ni Kiingereza. Hili halikupita bila kuonekana. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuta Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi ni dhaifu mno kuweza kusomea masomo. Dawa iliyotolewa ikawa mradi wa kukiongeza nguvu Kiingereza, ulioanza 1987 na kuleta vitabu vya hadithi mashuleni. Sera ya elimu ya 1995 ikakiacha Kiingereza palepale. Sasa mtoto wa Njoro au wa Pasua anapofeli historia kwa sababu hakulielewa swali, mkosaji ni nani? Darasani jibu lilikuwa fupi. Mkosaji ni yeye, na mkosaji huadhibiwa.

Adhabu yenyewe ni ya zamani kuliko sisi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 cha kuikomboa akili kutoka ukoloni, ameeleza jinsi shuleni kwao Kenya aliyekamatwa akisema Kigikuyu alivyopewa kifungo, naye akampa mwingine aliyemkamata, hivyo hivyo hadi jioni, mnyororo mzima ukajulikana. Ukidhani hilo waliletewa Waafrika peke yao, soma habari za Wales. Huko katika karne ya 19 watoto walitundikwa shingoni kipande cha mbao kwa kusema lugha ya mama zao, nacho kilihama kutoka shingo hadi shingo. Kule Bretagne nchini Ufaransa walikuwa na chao. Ajabu ni kwamba kila mahali waliipata akili ileile: usimpe mwalimu kazi ya kukamata, wape watoto wenyewe.

Na sisi tulikuwa na ubao. Shule sitaitaja. Nilikuwa kidato cha pili. Ulikuwa ubao mdogo wenye kamba ya katani, na maandishi yake yalimtukana aliyeuvaa kwa lugha aliyokuwa haijui vizuri, kwa hiyo nadhani wengine waliuvaa bila kujua wametukanwaje. Ulikuwa unauvua kwa njia moja tu, kumkamata mwingine. Kengele ya mwisho ikikukuta nao, fimbo.

Siku hiyo niliuvaa tangu asubuhi. Mchana jua lilikuwa kali, nikaenda bombani kukinga maji kwenye kikopo cha plastiki. Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja akaja nyuma yangu akasema taratibu, "Nipe maji basi, kaka." Nikageuka nikamvika ubao.

Mnajua mtaani tuna msemo, "Kiingereza cha kuombea maji". Ndicho kidogo kuliko vyote, cha mtu asiyekijua. Basi hicho alikuwa nacho. Angeweza kuniomba kwa Kiingereza, akapewa, akaenda zake. Alisema Kiswahili kwa sababu alidhani anaongea na rafiki yake.

Alichapwa fimbo nne. Sitasema ubao ule ndio uliomfelisha kidato cha nne; kufeli kuna mikono mingi, na mmoja ni ada. Ninachokijua, kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni yake, ni kwamba tangu siku ile hakunyoosha tena mkono darasani. Akiulizwa alisimama, akatazama ukuta, akakaa. Mimi siku ile sikukosea hata sentensi moja. Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka kabisa, hata mwalimu wa zamu alinisifu.

Kuna atakayefika hapa aseme, kumbe huyu anataka vijana wakiache Kiingereza. Thubutu. Wanaotushauri hivyo mara nyingi watoto wao utawakuta kwenye basi la njano wakienda shule za Kiingereza tangu chekechea. Mimi nakitaka, na nakitaka kizuri. Mwalimu Nyerere, aliyekipigania Kiswahili kuliko wengi, anakumbukwa pia kwa kusema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Yeye alimtafsiri Shakespeare, na Julius Caesar hakumtafsiri mara moja akamwacha. Alimtoa mwaka 1963, kisha akairudia kazi yake mwenyewe, ikatoka upya mwaka 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari. Hata jina la kitabu alilibadilisha. Sijasikia mtu akisema kwamba mwaka 1963 Mwalimu alichapia. Na sisi tunaotaka kuandika tusibabaishane kuhusu lugha ipi ni ya mwandishi wa kweli. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyekua na Kiswahili, ameandika riwaya zake kwa Kiingereza na mwaka 2021 akapewa Nobel. Euphrase Kezilahabi alisoma hadi udaktari huko Wisconsin, Marekani, kisha riwaya zake zote ni za Kiswahili. Kila mmoja alirudia sentensi zake mara nyingi kabla hatujaziona.

Wala sisemi makosa yaachwe. Huo nao ni ukatili, ila umevaa adabu. Yule jamaa wa tangazo, kati ya sisi tuliocheka labda wawili tulilijua lile neno. Mimi nilikuwa mmojawapo. Lingenigharimu nini kulisema? Badala yake nilicheka, akaondoka na kazi mfukoni ambayo sasa haombi tena.

Mwenzangu wa dawati moja siku hizi ni mgumu, kama tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro. Hupandisha mizigo ya wageni, na sheria ya hifadhi inasema isizidi kilo 20. Anataka kuwa kiongozi wa wageni, na kiongozi lazima aongee nao. Kwa hiyo ana daftari. Mwezi uliopita alikuja nyumbani nalo akaniomba nilipitie. Yeye aliniomba mimi.

Nilikuta sentensi kama mia hivi. Nyingi ni za maswali. Unaumwa kichwa? Umelala vizuri? Umetapika? Tangu asubuhi umekunywa maji kiasi gani? Karibu zote nyakati zake zilikuwa zimepishana, lililopita limekaa mahali pa lijalo. Mara ya kwanza nikasema moyoni, haya yanafaa nini kusahihishwa, mgeni ataelewa tu. Kisha nikafikiri tena. Mtu aliyetapika jana kule chini, akala, akalala, ni mtu mmoja. Anayetapika sasa hivi, kichwa kinamgonga na miguu inampepesuka, ni mwingine, huyo inabidi ashushwe usiku huohuo hata kama amelipia kufika mita 5,895. Kiongozi akichanganya hayo mawili kwenye redio, kuna mtu atakayeumia. Hapo ile silabi imeingia ndani ya kitenzi. Kwa hiyo nikakaa naye, tukazipitia moja moja, na tulipofika ile ya maji sikuweza kumtazama usoni.

Katikati ya kazi akaniuliza swali ambalo shuleni hatukufundishwa. Anasema mgeni akijikwaa kwenye jiwe, yeye humwambia "sori", kama tulivyoelekezwa kwamba ndiyo pole kwa Kiingereza. Mgeni humjibu, "Si kosa lako." Kila mara. "Sasa mimi nimesema ni kosa langu? Nimempa pole tu."

Nikamwambia Kiingereza hakina pole kama yetu. Kina neno moja la kumhurumia mtu na la kumwomba msamaha, msikilizaji ndiye anayeamua umekusudia lipi. Akatikisa kichwa, akasema kumbe nao lugha yao ina matundu.

Nikaona kama si wakati ule sitasema tena. Nikamwambia, "Samahani kwa ule ubao."

Alikuwa anatafuta ukurasa. Akasema, "Pole wewe, kaka. Ulikuwa umeuvaa toka asubuhi." Kisha akaweka kidole kwenye mstari unaofuata, akaniuliza kama "polepole" aitafsiri au aiache hivyohivyo, maana wageni wote wanaijua.