Nani Ana Kurasa Zako Zote?

Watu wengi ninaowajua hapa Nairobi wana kinyozi. Wana fundi wa simu, wana mama mboga anayewakopesha sukuma hadi mwisho wa mwezi, wana mtu wa boda wanayempigia mvua ikianza. Lakini ukiwauliza daktari wao ni nani, wanakutajia hospitali. Wengine wanakutajia kampuni ya bima. Kinyozi akihama kutoka Umoja aende Kasarani, mtu atapanda matatu mbili kumfuata kwa sababu, ati, "huyo ndiye anajua kichwa changu." Daktari akihama hata hatujui. Tunaenda pale kadi inakubaliwa, tunakaa foleni, tunaonwa na yeyote aliye zamu.

Sidhani ni kwa sababu tunajali nywele kuliko moyo. Ukiwa na miaka ishirini na kitu, magonjwa yako mengi yana mwanzo na mwisho. Malaria inakuja, unameza dawa, inaenda. Umeanguka na boda, unashonwa, unapona. Kwa mambo ya aina hiyo daktari yeyote mwenye leseni anatosha. Swali linabadilika ukifika umri ambao mambo yanaanza na hayaishi. Presha ikishaingia haiendi likizo. Sukari pia. Hapo huhitaji tu mtu wa kukutibu leo. Unahitaji mtu anayekumbuka ulikuwaje mwaka juzi.

Mimi nina miaka 46. Mwaka jana daktari aliyenihudumia kwa miaka 17 alifunga kliniki yake ndogo ya ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akarudi kwao kufuga ng'ombe. Alinipa faili yangu ndani ya bahasha ya kaki, akanisalimia kwa mikono miwili na kuniambia, "Tafuta mtu, na usikawie." Hakusema nitafute hospitali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mtu anapochagua daktari, anachagua nini hasa?

Jibu la haraka ni la sokoni. Unalinganisha bei, umbali, bima, na zile nyota ambazo watu huweka kwenye intaneti. Baadhi ya hayo ni ya maana sana. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha mtandaoni ambapo unaweza kuandika jina la daktari uone kama amesajiliwa na kama ana leseni ya mwaka huu. Ni kazi ya dakika tano, na kwa nchi ambayo kila baada ya muda tunasikia kuna mtu amekamatwa akitibu bila karatasi, si kazi ya kudharau. Lakini orodha inakuambia tu kwamba mtu huyu anaruhusiwa kutibu watu. Haikuambii kama atakuwa na subira na mtu kama wewe.

Mwanafalsafa wa Uholanzi, Annemarie Mol, aliandika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2008, The Logic of Care, baada ya kufuatilia jinsi watu wenye kisukari wanavyotunzwa hospitalini. Hoja yake, nikiifupisha, ni kwamba kuna njia mbili za kuufikiria ugonjwa. Ya kwanza inamwona mgonjwa kama mteja: anapewa taarifa, anachagua, na akishachagua matokeo ni juu yake. Ya pili inaona matunzo kama kazi isiyoisha: mnajaribu hiki, kinashindikana, mnarekebisha, mnajaribu tena, na wote wawili mko ndani. Mol anaona kwamba tukizidi kuimba wimbo wa uchaguzi tunaweza kumwacha mgonjwa peke yake tukidhani tumemheshimu.

Nakubaliana naye, lakini kuna mahali ananiacha njiani. Hiyo kazi isiyoisha lazima ianze na mtu fulani. Kama hakuna mtu, hakuna wa kurekebisha chochote. Hili sikulisoma kwa kitabu. Nililiona kwa baba yangu.

Mzee alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Alifariki kwa kiharusi mwaka 2014, akiwa na miaka 59. Baada ya mazishi tulikuta kwa kabati lake daftari saba, zile za mazoezi za kurasa 32 ambazo mgonjwa hununua nje ya geti kabla ya kuingia kuonwa. Moja ya Voi, moja ya Mtito Andei, mbili za Nakuru, na kuendelea hivyo hadi Malaba. Kila aliposikia kichwa kinamgonga alisimamisha lori, akaingia kituo kilicho karibu, akanunua daftari. Dada yangu, ambaye ni nesi, alizipanga kwa tarehe juu ya meza. Mwaka 2009, 138 kwa 88. Mwaka uliofuata, 150 kwa 95. Ya mwisho, 2013, 172 kwa 104. Presha ilikuwa inapanda ngazi, na kila daftari lilianza kana kwamba huyu mtu amezaliwa siku hiyo.

Dada yangu alizisoma zote mara mbili akitafuta wa kulaumu. Hakumpata. Kila mhudumu alikuwa amepima, ameandika, ametoa dawa ya mwezi mmoja, amemwambia arudi. Mzee angerudije Voi akiwa Malaba? Kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri na hakuna aliyekuwa na kurasa zote. Tumezoea kufikiri kwamba kukiwa na hasara kuna mkosaji. Hapa palikuwa na hasara, na kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake. Kilichokosekana ni mtu ambaye wajibu wake ungekuwa kumjua mzee mzima.

Kwa hivyo sishangai utafiti ukionyesha jambo hilihili kwa namba. Norway, ambako karibu kila raia ana daktari wake aliyeandikishwa kwake, watafiti waliangalia rekodi za mamilioni ya watu. Waliokuwa wamekaa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa, kwa takriban asilimia 25, wakilinganishwa na waliokuwa na daktari wao kwa mwaka mmoja. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba daktari ndiye sababu. Pengine watu wenye maisha tulivu ndio hudumu na daktari mmoja. Lakini walipoangalia kulazwa hospitalini, na pia kutafuta matibabu ya dharura usiku, mwelekeo ulikuwa uleule: kadiri miaka ya pamoja ilivyozidi, ndivyo hali ilivyokuwa nafuu.

Sasa, kama kujulikana ndiyo dawa, kuna gharama yake. Annette Baier, katika makala yake ya 1986 kuhusu kuaminiana, anaeleza kwamba kumwamini mtu ni kumwachia kitu unachokijali, pamoja na uhuru wa kuamua namna ya kukitunza. Na ukimpa uhuru huo umempa pia nafasi ya kukuumiza. Ndiyo maana inatisha. Daktari wa siku moja hana cha kukufanyia zaidi ya kukosea dawa. Daktari wa miaka kumi anajua unakunywa kiasi gani, ndoa yako ilitetereka mwaka gani, na kwa nini uliacha kumeza vidonge ulipopoteza kazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Huwa tunaisikia kama onyo kwa mgonjwa, na ni kweli, lakini nadhani inamhusu daktari pia. Yeye naye ananiamini. Akiniandikia dawa kwa kutegemea nilichomwambia, ameweka jina lake juu ya ukweli wangu. Basi kipimo changu cha kuchagua kikawa rahisi kusema na kigumu kutumia: ni nani nitamwambia ukweli hata siku ambayo ukweli unaniaibisha?

Nilipima watu watatu kwa kipimo hicho. Wa kwanza alikuwa bingwa wa hospitali kubwa, mwenye sifa na miaka 58. Wa pili ni mhudumu wa kituo cha afya cha mtaani kwetu, kijana mwenye diploma ya utabibu, ambaye nusu ya mtaa inampenda na ambaye huhamishwa kila baada ya muda. Wa tatu ni daktari wa familia mwenye miaka 34. Taaluma hiyo bado ni changa kwetu. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuifundisha kwa shahada ya uzamili mwaka 2005 tu.

Hapo hesabu ya umri wa makamo iliniingia. Huyu wa miaka 58 ataweka chini vifaa vyake wakati mimi ndiyo kwanza nahitaji mtu. Huyu wa 34, nikifika 70, atakuwa na 58. Lakini kuna jambo wanaume wa rika langu hawalisemi kwa sauti. Ni mwanamke, na ni mdogo kwangu. Ataniuliza kuhusu tezi dume. Rafiki yangu mmoja alicheka: "Bana, utamvulia shati mtoto wa juzi?" Nilimjibu kwamba aibu ni gharama tu kama nauli. Swali ni kama unakoenda kunastahili.

Nilienda kumwona. Aliifungua ile bahasha na kusoma kimya kwa dakika kadhaa kabla ya kunigusa. Kisha akauliza kuhusu baba. Nilipomaliza kumsimulia nikamuuliza langu.

"Daktari, wewe utakuwa hapa kwa muda gani?"

Alinyamaza kidogo. "Mzee, wacha nikuambie ukweli. Wenzangu wengi wako Uingereza, na mimi nina mkopo wa masomo. Sijui kama nitakuwa hapa miaka mitano ijayo. Lakini nikienda utajua mapema, na faili yako itakuwa kwa mkono wa mtu."

Nilitembea hadi stejini nikilifikiria hilo jibu. Je, nina haki ya kumwomba mtu abaki? Mwaka 2016 hadi 2017 madaktari wa umma waligoma siku 100 wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013. Mwaka 2024 waligoma tena siku 56, safari hii wakidai, pamoja na mengine, mkataba wa 2017 na haki za madaktari wanafunzi. Nchi inayovunja ahadi zake kwa madaktari haiwezi kuwadai uaminifu wa maisha. Mimi naweza kumwomba kitu kidogo zaidi: asinidanganye, na asiniache bila kunikabidhi. Hicho alishanipa kabla sijakiomba.

Najua kuna msomaji anayesema hii yote ni anasa. Dada yangu aliniambia hivyo bila kupamba. Yeye anafanya kazi zahanati. "Kwetu hakuna anayechagua," alisema. "Anayekuja anapata aliyepo." Ni kweli, na si haki. Lakini sioni kwamba suluhisho ni sisi wenye nafasi kuacha kuchagua. Suluhisho ni kukataa wazo kwamba kujulikana ni kitu cha matajiri. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa, kila mmoja na nyumba zake. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya afya ya msingi. Tangu Oktoba 2024, mshahara wako unakatwa asilimia 2.75 kwenda SHA. Tunabishana sana kuhusu pesa hizo zinaenda wapi, na tubishane. Lakini tuongeze dai moja: mtu yuleyule, akigonga mlango uleule, mwaka baada ya mwaka, akiwa na daftari moja. Hiyo ingemsaidia dereva wa lori kuliko mashine nyingi mpya.

Wewe uliye na miaka 25 huenda humhitaji daktari wako leo. Lakini uaminifu haununuliwi siku ya dharura. Unajengwa kwa vikohozi vidogo, kwa kupimwa presha wakati huumwi, kwa kusema "sijalala vizuri" kwa mtu anayejua ulivyolala mwaka jana. Na ukiwa huna uwezo wa kuchagua mtu, angalau weka kurasa zako mahali pamoja, kwa daftari au kwa simu, ili atakayekuona asianze na ukurasa mtupu.

Mimi na daktari wangu tumeanza. Siku ile presha yangu ilikuwa 148 kwa 94. Hakufungua faili mpya. Aliandika namba hiyo chini ya ile ya mwisho aliyoacha yule mzee, kwenye ukurasa uleule, kisha akanipa tarehe ya kurudi.