Nia na Azma

Wengi katika miji yetu hii ya pwani huishi siku isiyokuwa ya leo. Kijana hungojea mwisho wa mwezi, mzee huisifu Mombasa ya zamani, na siku iliyo baina yao hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Je, yafaa mtu kuipitisha leo yake hivyo?

Wako watakaosema kuwa mwenye akili hutazama mbele, na kwamba kufagia ua, kuteka maji na kufungua duka ni mambo duni yasiyostahili moyo wa mtu. Sisi hatukubali. Mshona kofia ambaye moyo wake uko sokoni huiharibu kofia, na huko sokoni hakununua kitu.

Tazameni madhehebu yetu ya Shafi. Kila aliyesoma fikihi amefunzwa kuwa nia ni kukusudia jambo pamoja na kulitenda. Kusudi likitangulia kitendo huitwa azma, wala si nia. Ndiyo maana anayetawadha hutia nia aanzapo kuosha uso, na anayesali huitia pamoja na takbira ya kuhirimia. Saumu ya Ramadhani imevuliwa katika kanuni hii, kwani nia yake hutiwa usiku. Basi sharia haikutosheka na mtu kuazimia nyumbani, kisha mwili ukafika peke yake. Yataka moyo na mkono vikutane wakati mmoja, na maji yangali usoni.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Bidayatul Hidaya alieleza adabu za kuamka, za kuvaa nguo, za kuingia chooni, hata za kulala. Mwanachuoni mkubwa kama huyo hakuona kuvaa nguo kuwa jambo dogo la kuachwa bila adabu.

Hatusemi mtu asiifikirie kesho. Mwenye duka na ahesabu akiba yake, na mzazi aweke karo ya watoto. Lakini kuhesabu nako ni kazi ya leo, yenye saa yake. Saa hiyo ikiisha, na akae na wanawe wakila, simu aiweke kando, awasikilize. Umri walio nao leo hawatakuwa nao tena.

Ndugu zetu, azma tunazo nyingi, na wengi wetu twazikwa nazo. Lenye kutufaa ni nia, na nia haina pahala ila katika kitendo kilicho mkononi sasa.

Wabillahi taufiki.