Mashauriano ya Magitaa Mawili

Mwaka 1966 Mskoti Bert Jansch na Mwingereza John Renbourn, vijana waliokuwa wakiishi nyumba moja mjini London, walitoa sahani ya santuri iitwayo Bert and John, ambayo aghalabu yake ni magitaa mawili tu, yasiyotiwa umeme. Ladha yake, kwa rai yangu, haimo katika kasi, ingawa kasi wanayo, bali katika adabu: mmoja ashikapo nyuzi nene kwa kidole gumba, akiuendesha wimbo bila kusita, mwenziwe huzichezea nyuzi nyembamba kwa ncha za vidole, akiuliza na kujibiwa, na mara wakabadilishana zamu hata usitambue nani kampisha nani. Gitaa kavu halina sitara. Ukucha ukikwaruza uzi, utausikia. Wala hawakujifunga na nyimbo za wahenga wao, kwani humo mna hata lahani ya Charles Mingus, bingwa wa jazi wa Marekani. Mwaka uliofuata wakaungana na wenzao watatu katika kundi la Pentangle, nalo likavuma. Mimi lakini, besi na ngoma zake zanizibia yale mashauriano.