Pesa Zimefika, Salamu Je?



Mama mmoja mjane wa hapa Naitiri aliniita baada ya ibada ya Jumapili nimsomee ujumbe katika simu yake, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Nikamsomea: mwanawe aliyeko Nairobi ametuma shilingi 2,000. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, hakuna neno lingine hapo?" Hapakuwa na neno lingine.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wazee wetu wameepushwa na taabu nyingi. Zamani pesa zilingoja mtu wa kusafiri, na pengine zilipungua njiani. Tumshukuru Mungu. Lakini je, aliyetuma pesa amekwisha kuwaheshimu wazazi wake kama Amri ya Nne inavyodai?

Wengine husema kosa ni la simu, heri wazee wasiwe nazo, hasa kwa sababu matapeli huwapigia na kuwadanganya. Mimi sikubali. Kwa simu hiyo hiyo kukhu husikia sauti ya mjukuu aliyezaliwa mbali. Simu ni mjumbe tu, hubeba kile ulichompa. Ila tujue kwamba mzee anayeshinda na simu isiyolia huweza kuwa mpweke kuliko asiye nayo, kwa maana anajua angeweza kupigiwa.

Bwana wetu msalabani hakumwachia Mama yake mali. Alimpa mtu wa kukaa naye, na mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake.

Jambo hili, wapendwa, huanzia kwenu wawili. Mara nyingi mume humtumia mama yake kwa siri, mke naye vivyo hivyo, kisha kila mmoja humhesabia mwenzake. Ketini pamoja, mpange kiasi cha pande zote mbili. Halafu chagueni siku moja katika juma, isiwe siku ya kutuma pesa, mpige simu mkiwa pamoja: mume aongee na mama mkwe, mke na baba mkwe, watoto nao wapewe nafasi. Na mahindi yakishavunwa, nendeni mkawaone. Mkifika, simu zenu ziwekeni kando.

Yule mama alizipokea shilingi zake kwa shukrani. Akaondoka akiniuliza kama labda ujumbe mwingine ulipotea njiani. Je, ndugu msomaji, wa kwako ulipotea, au hukuutuma?

Mungu azibariki nyumba zenu.